Miji Sita Kabla ya Parma

Vicenza iliingia kwenye safari yetu Jumapili moja, kati ya misa na wali. Mama alivua viatu vya kanisani, akakaa kwenye kochi la sebuleni kwetu Highview, mtaa wa Louisville, Amerika, akasema kwa sauti ile ile anayonikumbushia kwamba chumvi imekwisha:

"Na Vicenza tutapita. Ule padiri wa pikipiki alikuwaka wa kule."

"Mama, ule padiri alishakufa. Inapita miaka kumi."

"Njo maana. Hatukuenda ku kilio yake."

Nilitamani kulia. Mezani mbele yangu kulikuwa na karatasi ya nne ya mwezi ule. Nilikuwa nimechora mstari kwa wino wa bluu kuanzia Milano, Italia, na pembeni nimeandika kila treni: inaondoka saa ngapi, inafika saa ngapi, tunashuka wapi, tuna dakika ngapi za kukimbilia treni nyingine na mama mwenye goti bovu. Tulikuwa na siku tisa tu, maana ghala ninakofanya kazi huko Okolona halimpi mtu zaidi ya hapo bila kumuuliza kama bado anataka kazi. Siku mbili zingeliwa na ndege. Zilizobaki nilikwisha kuzigawia Bergamo, Brescia na Torino, na sasa Vicenza nayo inabisha hodi.

Naomba ieleweke kwamba sisi si watu wa treni. Louisville haina treni ya abiria. Columbus, anakoishi mdogo wangu wa kiume, nayo haina. Treni ninayoijua mimi ni ya mizigo, ile inayokatiza barabara ya kwenda kazini kwangu na kusimama katikati kwa muda inaoutaka yenyewe, huku nikitazama saa na kusonya. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya reli. Lakini mimi ndiye niliyepewa kupanga treni za Italia ya kaskazini, kwa sababu, walisema, nimezoea mambo ya usafirishaji. Kazi yangu ni kupakia maboksi kwenye matrela.

Safari yenyewe ilikuwa Parma. Nitaeleza mara moja, kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili halisemwi kwa sauti.

Parma kuna nyumba ya watawa wazee, na humo anaishi masera mmoja. Masera ndivyo tunavyowaita watawa wa kike kwetu Kongo. Huyu alikuwa muuguzi kwenye misheni yetu, milimani juu ya ziwa, Kivu ya Kusini. Vita vya kwanza vilipotufikia, mdogo wetu wa mwisho, mtoto wa miezi minane, alikuwa amelazwa hapo kwa malaria iliyommaliza damu. Mama alikuwa naye siku ya tatu. Risasi ziliposikika upande wa kijijini, alimwacha mtoto kitandani, karibu na dirisha, akakimbia kutuchukua sisi watatu, mimi na wadogo zangu wawili. Alitupata. Barabara ya kurudi misheni ikawa imefungwa. Tulishuka ziwani, tukavuka, tukaishia kambini Tanzania, na huko, baada ya mwaka mzima na zaidi, mtu mmoja aliyepita misheni alimwambia mama kwamba mtoto alifariki wiki ile ile na masera alimzika kwa mikono yake mwenyewe. Alimzika wapi, mtu yule hakujua. Misheni ilichomwa, ikajengwa tena, ikaongezwa majengo. Kati ya watu waliokuwepo siku ile, aliyebaki hai ni masera peke yake.

Kwa hiyo mama alitaka kumuuliza jambo moja tu: alimlaza wapi mtoto wangu. Hakutaka kuuliza kwa barua, wala kwa simu, wala kwa mdomo wa mtu mwingine. Alisema jambo kama hilo huulizwa watu wakiwa wameketi.

Na masera alikuwa anasahau. Barua kutoka Parma zilikuwa zikifika kwa mdogo wangu wa kike, kule Buffalo, kwa sababu yeye ndiye anayekijua vizuri Kifaransa na ndiye ambaye hajahama nyumba tangu tufike Amerika. Barua ya mwisho iliandikwa na mtawa kijana anayemtunza. Alisema masera anakula vizuri, anasukumwa kwenye kiti chake hadi bustanini, lakini kumbukumbu inaondoka. Kuna siku anawajua wenzake na kuna siku anawauliza wao ni akina nani. Alituomba, kwa adabu, tusichelewe.

Mtu yeyote mwenye akili timamu, akipata barua kama hiyo, hupanda ndege akashuka Milano, akatafuta treni ya Parma. Nilitazama ratiba: ipo treni ya moja kwa moja, haina hata kubadilisha, saa moja na nusu hivi umefika. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Mistari mitatu. Niliipenda ile karatasi.

Mama aliitazama akasema, "Na Bergamo?"

Bergamo alitoka paroko wetu wa zamani, yule aliyembatiza mama. Amekwisha kufa. Brescia alitoka masera wa jikoni, ambaye naye amekwisha kufa. Torino kuna ndugu za daktari aliyekuwa akija kila kiangazi kupasua watu mabusha, marehemu pia, kama yule padiri aliyezunguka vijiji vyetu kwa pikipiki. Kwetu kifo hakina tarehe ya kwisha muda. Ukifika kwenye nchi ya mtu ambaye hukukaa kwenye kilio chake, jambo lako la kwanza ni kwenda kwa watu wake. Unakaa, unasema pole, unakula kidogo walichokupa, ndipo unaruhusiwa kuwa na shida zako. Kwenda moja kwa moja kwenye shida yako ni ushenzi. Hilo nalijua, nimelelewa nalo, ningemfundisha hata mwanangu. Lakini hapa tulikuwa tunazungumzia wapwa na wajukuu wa Wazungu waliokufa zamani, watu wasiotujua, ambao wangefungua mlango siku ya kazi wakamkuta mwanamke wa Kongo mwenye kitenge, na fuko la samaki wakavu, anawapa pole ya msiba waliokwisha kuusahau.

Maana kulikuwa na samaki pia. Ndagala, kilo tatu. Masera alikuwa akizipenda, na nyumba nyingine zote haziendewi mikono mitupu. Nilijaribu kumweleza mama kuhusu behewa lililofungwa madirisha, mwezi wa nane. Aliniambia Wazungu hawana pua ya hivyo.

Huko ghalani tuna kanuni moja ambayo hata mgeni hufundishwa siku ya kwanza: mzigo wa kushuka kwanza unapakiwa mwisho, ukae mlangoni. Ukiupakia ndani kabisa, utashusha trela zima njiani ili uufikie. Nilimweleza mama hivyo, kwa upole, siku nyingi. Parma ikae mlangoni, mama. Twende kwa masera kwanza, akiwa bado anajua watu, halafu siku zilizobaki tuwape pole marehemu wote wa Italia nzima ukitaka. Marehemu wanangoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwa kichwa, akasema, "Ni vile. Lakini tutaanza na Bergamo."

Vicenza ilipoingia, nilisema basi, nampigia mdogo wangu wa Columbus atoe uamuzi, yeye ndiye mwanamume pekee na anapenda kutoa uamuzi. Mama akakataa. Safari ya namna hii haiamuliwi kwa simu. Ni lazima kila nyumba ikae kikao, nyumba tatu, na yeye awepo. Kwa hiyo, ili kupanga safari ya treni katika nchi nyingine, niliomba ruhusa kazini Ijumaa na Jumatatu, nikajaza mafuta, nikaendesha gari kutoka Kentucky hadi mpaka wa Kanada.

Columbus tulifika mchana. Mdogo wangu alifungua kikao kwa sala, na katikati ya sala nikasikia ajenda. Anafanya kazi ya kutunza wazee, ni mtu mwema sana, na hakuna anayeniudhi kama yeye. Alizitazama karatasi zangu zote, akazipanga mezani, akakohoa, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Bon. Yaya, umefanya kazi muzuri. Donc, mi naona iko mambo moja inapunguka. Verona."

"Verona iko na nani?"

"Mutoto ya baba mudogo. Anafanya kazi kule mu fabrique ya matandiko. Atasikia tulipita na train pembeni ya nyumba yake, hatukumusalimia. Atasema nini?"

"Huyu iko muzima," nikamwambia. "Ana miguu. Apande treni akuje Parma kutuona."

Mdogo wangu akamtazama mama, mama akamtazama mdogo wangu, na wote wawili wakanitazama mimi kwa huzuni.

"Yaya. Mugeni njo anaendaka kusalimia. Hatuwezi kumuita mutu ku gare ya train sawa mutu wa taxi."

Verona ikaingia. Mama alifurahi mno. Aliuliza hata ni siku ngapi zinafaa kukaa kwa ndugu wa damu, moja au mbili. Nikavunja ncha ya penseli kwa kuikandamiza, maana wino wa bluu nilikuwa nimekwisha kuuacha.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, mdogo wangu alinisogelea akazungumza kwa sauti ya chini, na hapo alikuwa mtu mwingine kabisa, mtu wa kazi yake.

"Yaya, mi nafanyaka na bale bazee kila siku. Asubuyi banakujua, banakuuliza hata habari ya batoto. Mangaribi banaogopa, banakuita mwizi. Mukifika kule nyuma ya saa sita, hamutamupata. Mumuone asubuyi."

Nilimuuliza kwa nini hakulisema hilo kikaoni badala ya Verona. Alisema kikaoni mama alikuwepo.

Basi nikakaa na karatasi mpya. Ukiweka Verona siku moja na nusu, na Vicenza baada yake kwa sababu ziko njia moja, na ukataka kufika Parma asubuhi na si jioni, unafika Parma asubuhi ya siku ya mwisho, na ndege inatungoja Milano mchana. Nilihesabu mara tatu. Nilimwendea mama na karatasi mkononi.

"Mama, kwa mupango hii, kwa masera tutakaa masaa mawili."

Nilitaka ashtuke. Nilitaka aseme haiwezekani, ili tufute Verona, Vicenza na wajukuu wote wa daktari. Mama alikuwa anakunja kitenge chake. Alisema, "Inatosha."

Sikuamini masikio yangu. Mtu amengoja karibu miaka ishirini, amejifunza kuweka saini yake ili apate uraia ili apate pasipoti ili afike Parma, na sasa masaa mawili yanamtosha. Nilikwenda kukaa ndani ya gari hadi hasira ikapungua.

Kutoka Columbus hadi Buffalo ni masaa matano, na mama alilala yote. Mimi nilizungumza peke yangu. Niligombana na ndugu wa Verona, nikagombana na padiri wa pikipiki, Mungu amrehemu, ambaye kama angeendesha taratibu labda angekuwa bado hai na angekuja mwenyewe kutusalimia.

Mdogo wangu wa kike anaishi Riverside, kwenye nyumba ndogo ya mbao, mitaa michache kutoka mto Niagara. Alitupokea vizuri. Kulikuwa na sombe, yale majani ya muhogo, kulikuwa na wali, na kulikuwa na kifurushi kingine cha ndagala, kilo mbili, alizonunua yeye ili ziongezwe kwenye zile tatu. Nilizitazama tu. Baada ya kula mama alimwomba amsomee tena barua ya Parma. Mdogo wangu akaichukua nyuma ya sahani za kabati, akasoma kwa Kifaransa kipande kwa kipande na kutafsiri: anakula vizuri, bustanini, kumbukumbu, msichelewe. Mama alisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti. Barua ilipoisha akasema:

"Na Padova. Kule iko kaburi ya ule mutakatifu wa bitu bilipotea. Hatuwezi kufika Italia bila kumuomba."

Hapo nililipuka. Sina neno lingine. Nilisimama nikazitupa karatasi mezani, nikamwambia mama maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Nilimwambia kwamba anataka kutembea Italia na kupigwa picha kama watalii, na masera amekuwa kisingizio tu. Nilimwambia huyo mtakatifu wa Padova amtafutie kwanza akili yake. Nilimwambia kama hataki kwenda aseme hataki, mimi nirudi kazini, maboksi angalau hukaa ulipoyaweka.

Mama alinyanyuka, akajifunga kitenge chake upya, akaingia chumbani na kufunga mlango. Ilikuwa saa tisa mchana. Mdogo wangu alinitazama kama mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuniita yaya.

"Umemufanya nini mama?" akaniuliza.

Nilianza kuokota karatasi ili nizichane. Zilikuwa tano, na kwa sababu ndiyo kazi yangu, mikono yangu ilizipanga kwa mfuatano bila mimi kuiambia. Nikaziona. Kwenye ya kwanza, Parma ni siku ya pili ya safari. Kwenye ya pili ni siku ya nne. Kisha siku ya tano, kisha siku ya saba. Kwenye ya Columbus ni masaa mawili ya siku ya tisa. Kwenye ya sita, ambayo sikuwa nimeiandika bado, na Padova ndani, Parma isingekuwa na nafasi kabisa. Nilijaribu kukumbuka kila mji uliingia lini. Bergamo iliingia siku ile ile barua ilipofika, mdogo wangu aliposoma kwenye simu. Torino iliingia siku pasipoti ya mama ilipokuja na posta. Vicenza iliingia Jumapili niliyomwambia nimepata tiketi za ndege. Padova iliingia sasa hivi, barua ikiwa bado mezani. Kila mara tulipoikaribia Parma, mama alikuwa ameweka mji mbele yake.

Mdogo wangu wa Columbus naye alikuwa ameongeza Verona akidhani mama anapenda, na mama alikubali kila kitu, na mimi, mpanga mizigo, nilikuwa nimechora yote, kwa wino na kwa penseli, bila kuona. Niliona aibu. Hasira yangu nayo ilikuwepo bado, ila haikuwa tena na mtu wa kumwendea.

Nilibisha mlango, nikaingia. Mama alikuwa ameketi kitandani, hajalala. Nikakaa chini sakafuni, karibu na miguu yake, nikamwomba msamaha kwanza. Kisha nikamuuliza kama anaogopa kwenda Parma.

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombana kwa Kiingereza juu ya baiskeli.

"Nikifika," akasema, "ataniuliza: mama, ulienda wapi? Nilimuambia nitarudia sasa hivi. Mutoto alikuwa ananiangalia. Masera akiniuliza juu ya nini sikurudia, nitamujibu nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba jibu ni mimi. Jibu ni mimi na yule wa Columbus na yule aliye jikoni, tunaogombana juu ya Verona, tuliofika hapa wazima kwa sababu alituendea sisi. Nilikuwa na miaka tisa siku ile, naikumbuka, alinishika mkono kwa nguvu hadi ukauma. Nilimshika goti lake bovu tu, tukakaa.

Asubuhi iliyofuata sikuitisha kikao. Mama huamka mapema kusali, nami nimezoea kuamka kwa ajili ya kazi, kwa hiyo saa kumi na moja na nusu, jua likianza kutoka upande wa mbele wa nyumba, tulikuwa wote jikoni na chai. Parma ilikuwa saa tano na nusu, kabla ya chakula chao cha mchana. Nikamwamsha mdogo wangu, nikampa simu na ile barua yenye namba juu.

"Piga," nikamwambia.

"Mama alisema haiko jambo ya simu."

"Piga. Atakayenitukana anitukane."

Mama alinisikia. Aliweka kikombe chini lakini hakusema tupige wala tusipige. Mdogo wangu alipiga, akaweka simu mezani ili wote tusikie. Alipokea mzee mmoja wa mlangoni ambaye alitupigia kelele kwa Kiitaliano, kisha akaja yule mtawa kijana, na Kifaransa chao kikaelewana. Alisema tumebahatika, leo masera ameamka vizuri. Alisema pia kwamba siku hizi masera akiongea huongea Kiswahili tu, na nyumba nzima hakuna anayemwelewa, wanamwitikia tu kwa vichwa. Tulisikia magurudumu ya kiti yakikaribia kwenye sakafu. Tulisikia mtu akipumua.

"Nani?" ikauliza sauti ya kikongwe.

Mama aliinama juu ya simu. Alijitaja jina, akataja kijiji, kisha akataja jina la mtoto. Mimi na mdogo wangu tulitazamana, kwa sababu jina hilo hatukuwa tumelisikia kinywani mwake tangu kambini.

Nilifikiri simu imekatika. Nilianza kujilaani kwa kiherehere changu na kwa papara zangu.

"Ah," masera akasema. "Mama ya ule mutoto wa ku dirisha."

"Ndiyo, masera."

"Ulikimbia kuchukua bale bengine."

Mama alifumba macho. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

"Ndiyo, masera."

"Umebapata?"

Mama alifumbua macho akanitazama mimi, kisha akamtazama mdogo wangu, taratibu, kama anatuhesabu.

"Nilibapata, masera. Bote batatu."

"Aksanti Mungu," masera akasema, na tulimsikia akimwambia mtu pembeni yake, kwa Kiswahili, kwamba amewapata, wote watatu, na yule mtu asiyeelewa akimwitikia. Kisha akarudi kwenye simu. "Basi usiogope. Mutoto amelala. Hakulia sana. Nilimushika mu mikono."

Sijui masera alikuwa wapi alipokuwa akisema hayo, kama alikuwa Parma au alikuwa bado wodini kwetu, wiki ile ile. Mdogo wangu alikuwa analia waziwazi. Mama hakulia. Alisogeza kiti chake karibu zaidi na meza, akaketi vizuri.

"Analala fasi gani, masera?"

"Hapa," masera akasema, akishangaa kidogo kuulizwa. "Karibu yangu. We unachelewa sana. Utakuya lini?"

Mdogo wangu alinyoosha mkono kuchukua zile karatasi, ili atafute tarehe. Mama aliuzuia mkono wake.

"Nitashuka ku ndege asubuyi, na ile ile siku niko kwako, masera," akasema. "Sitapita fasi ingine. Muningoje. Niko nakuya kumuchukua."